Mkimbiaji, Mkimbizi na Kimbilio: Funzo la Tegla Loroupe kwa Binti wa Kibera na Kawangware

Kitenzi kimoja cha Kiswahili kimezaa nomino mbili zisizofanana kabisa kihali. Kutokana na kukimbia hupatikana mkimbiaji, na kutokana na shina hilo hilo hupatikana mkimbizi. Mkimbiaji huuelekea utepe. Mkimbizi huupa mgongo moto. Wa kwanza hushangiliwa, wa pili huhesabiwa. Baina ya wawili hao ipo nomino ya tatu ambayo wanafunzi wa mofolojia huipitia haraka haraka, nayo ni kimbilio, yaani mahali mtu anapofika akapata amani. Makala haya yanadai kwamba tofauti kati ya msichana anayekuwa mkimbiaji na yule anayebaki mkimbizi katika mji wake mwenyewe haitokani na damu, kabila wala mwinuko wa ardhi. Hutokana na kuwapo au kutokuwapo kwa kimbilio. Ushahidi wa dai hili unapatikana katika maisha ya Tegla Loroupe, na pia katika vichochoro vya Kibera na Kawangware.

Loroupe alizaliwa mwaka 1973 katika Pokoti Magharibi, katika jamaa kubwa ya mitala. Baba yake hakuona kwamba kukimbia kulimfaa mtoto wa kike. Aliyemtia moyo ni dada yake mkubwa. Wakuu wa riadha nao walimwona mdogo mno na mwembamba mno. Hata hivyo, mwaka 1988 alishinda mbio za nyika bila viatu, na mwaka uliofuata akateuliwa kuiwakilisha Kenya miongoni mwa chipukizi katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Mwaka 1994 alishinda marathoni ya New York, akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda mbio hizo. Mwaka 1995 alirudi akashinda tena. Mnamo Aprili 1998, mjini Rotterdam, alikimbia kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 47, akaivunja rekodi ya dunia ya Ingrid Kristiansen iliyokuwa imedumu tangu 1985. Mwaka 1999 akaipunguza tena kwa sekunde 4 mjini Berlin. Kati ya 1997 na 1999 alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mara tatu mfululizo.

Haya yanajulikana, na yamekwisha kuimbwa. Kinachosahaulika ni mpangilio wake. Kabla ya kila ushindi palikuwa na mlango uliofunguliwa na mtu fulani: dada aliyesema endelea, shule iliyokuwa na mashindano, nafasi katika timu ya taifa. Aghalabu masimulizi ya magazetini huviruka vipengele hivi na kudumu katika picha moja tu, ile ya mtoto wa kike akikimbia kilomita 10 kwenda shuleni miguu mitupu. Picha hiyo inapendeza, lakini inapotosha. Inamfanya msomaji aamini kwamba umaskini wenyewe ndio kocha. Lau ingekuwa hivyo, Kibera na Kawangware zingekuwa zimekwisha kutoa mabingwa wa kujaza ndege nzima, kwa maana umaskini wa huko haujapungukiwa na kitu.

Tuseme basi ni mwinuko wa ardhi? Hoja hii nayo husikika sana. Ni kweli kwamba Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Lakini Nairobi nayo haiko pwani. Iko kiasi cha mita 1,700. Hewa ya Laini Saba ni ya nyanda za juu. Catherine Ndereba, aliyeshinda marathoni ya Boston mara nne na ubingwa wa dunia mara mbili, mwaka 2003 na 2007, hakutoka Bonde la Ufa bali Nyeri, na kipaji chake kililelewa katika Idara ya Magereza. Kwa hiyo, anayemwambia binti wa Gatwekera au wa Kabiro kwamba riadha ni ya watu wa kwingine anamfungia mlango kwa ufunguo wa uongo.

Katika Kibera kuna mtaa uitwao Olympic, na shule ya msingi yenye jina hilo hilo ambayo sifa zake za mitihani zimepata kuvuma nchini. Huko Kawangware watu hutaja vituo kwa nambari za matatu, 46 na 56, na nambari hizo zimegeuka kuwa majina ya mahali. Majina haya yana kejeli yake. Mtaa wa kwanza unabeba jina la michezo mikubwa kuliko yote duniani, na wa pili unaishi kwa jina la safari. Lakini katika yote mawili msichana anayetaka kukimbia mita 400 bila kukatiza mtaro, kibanda au njia ya bodaboda atatafuta mpaka achoke. Shule nyingi za mitaa hii ni zile ziitwazo zisizo rasmi: vyumba vya mabati vilivyosongamana, uwanja wake ni upana wa lango. Na mfumo wa riadha wa shule nchini Kenya hupanda ngazi kwa ngazi, kuanzia zoni hadi taifa. Mtoto ambaye shule yake haina pa kukimbilia hawezi kuonekana hata katika ngazi ya chini kabisa. Hakushindwa, hakupangwa.

Fauka ya uhaba wa viwanja, kuna suala la saa. Wanariadha wa masafa marefu hufanya mazoezi alfajiri. Katika Kibera, alfajiri ya msichana ina wenyewe. Kuna mtungi wa lita 20 unaosubiri kujazwa, kuna wadogo wa kuogeshwa, kuna mama anayewahi vibarua Lavington au Kilimani. Na hata akijinasua na hayo, giza la kichochoro si rafiki wa mtoto wa kike anayekimbia peke yake. Mvulana akikimbia gizani watu huuliza kaiba nini. Msichana akikimbia gizani watu huuliza anamkimbia nani. Swali hili la pili ndilo linalorejesha mjadala kwenye ile nomino ya mkimbizi.

Kwa kweli mitaa hii imewafunza watoto wake kukimbia kwa namna nyingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera iliwaka, na reli inayoipasua iling'olewa. Mnamo Oktoba 2017, ghasia za uchaguzi wa marudio ziliifikia Kawangware, na majirani wakakimbiana. Mnamo Julai 2018, matingatinga yaliingia Kibera kuipisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba za maelfu ya watu zikaanguka, na shule pia. Mtoto wa kike aliyezaliwa Kibera mwaka 2005 alikuwa amefunzwa kukimbia mara kadhaa kabla hajatimiza miaka 14, na si mara hata moja alikimbizwa kuelekea utepe.

Je, lugha na fasihi ya Kiswahili zimekuwa zikisema nini juu ya msichana anayekimbia? Jibu halifurahishi. Methali zetu zinazitilia shaka mbio: mbio za sakafuni huishia ukingoni, haraka haraka haina baraka, mwenda pole hajikwai. Riwaya nazo hazikuwa na huruma zaidi. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), msichana anayeukimbia ukali wa baba huangukia pabaya. Waandishi hao walikuwa wakiishutumu jamii, si msichana, na hilo halina ubishi. Hata hivyo, kwa msomaji wa kidato cha tatu, somo linalobaki kichwani ni moja: msichana akitoka mbio, ameharibikiwa. Vitabu vya Kiswahili ambamo msichana anatoka mbio na kufika ni vichache mno. Maisha ya Loroupe ni kisa cha aina hiyo, na yanangoja mwandishi wa kuyaandika kwa watoto kwa Kiswahili safi chenye mvuto.

Tena methali zenyewe zikisomwa vizuri si adui wa marathoni. Anayekimbia kilomita 42 akianza kwa pupa huishia ukingoni kweli. Mkimbiaji wa masafa marefu ni mwanafunzi mwaminifu wa mwenda pole. Methali hizo ni mafunzo ya kasimwendo; zilizopotoka ni tafsiri zinazozigeuza kuwa amri ya kumkalisha mtoto wa kike kitako.

Atatokea msomaji wa kuuliza: mtaa usio na maji ya kutosha wala vyoo vya kutosha, utajenga kiwanja cha riadha kwa mantiki gani? Hoja hii ina uzito, na haifai kubezwa. Lakini inawagawa watu katika makundi mawili, wanaostahili mahitaji tu na wanaostahili mahitaji pamoja na ndoto. Hakuna mtoto wa Lavington anayeambiwa achague kati ya choo na mpira. Mtaala wa Umilisi umeweka mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu. Mkondo huo utakuwa wa nani ikiwa shule za mabanda hazina hata nyasi? Isitoshe, marathoni ya Nairobi katika miaka ya karibuni imepitia Southern Bypass, barabara inayopakana na Kibera. Mbio za dunia zinapita mlangoni, na watoto wa ndani wanachungulia.

Wengine watasema kwamba mbio ni bahati nasibu, kwamba kati ya wasichana elfu hatapatikana Loroupe mmoja. Ni kweli. Lakini kinachodaiwa hapa si medali. Medali peke yake haijawahi kuwa kimbilio. Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake peke yao mnamo Septemba 2021 nchini Ujerumani. Mwezi uliofuata aliuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na umri wa miaka 25. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris mnamo Agosti 2024. Mnamo Septemba 5 alifariki mjini Eldoret kutokana na majeraha baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake, Trans Nzoia, na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Wanawake hawa walikuwa wameyapata yote ambayo hadithi za mafanikio huyaahidi: jina, safari, fedha. Walichokosa ni kile kile anachokosa binti wa Kawangware saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo anayedhani kwamba msichana wa mtaani akifunzwa kushinda basi ameokolewa, hajayasoma magazeti.

Hapa ndipo sura ya pili ya maisha ya Loroupe inapoipita ya kwanza kwa thamani. Mwaka 2003 aliunda wakfu wa amani unaobeba jina lake, akaanzisha mbio za amani katika eneo la Kapenguria, ambako vijana wa Kipokoti, Kiturkana, Kimarakwet na Kikaramoja waliozoea kuwindana kwa bunduki walipanga mstari mmoja na kukimbia pamoja. Baadaye akawakusanya wakimbizi wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma, akawapa makao na mazoezi huko Ngong. Watano kati yao walikuwamo katika timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi, Rio 2016, naye Loroupe akiwa mkuu wa msafara. Rose Nathike Lokonyen, aliyeibeba bendera ya timu hiyo, alikimbia mita 800. Anjelina Nadai Lohalith alikimbia mita 1,500. Hawakupata medali. Lakini kwa maana halisi ya shina la neno, wakimbizi walikuwa wamefanywa wakimbiaji, na kilichoibadilisha nomino hiyo ni chakula, kocha, kitanda na mahali pa kukimbia bila hofu.

Msafiri anayekwenda Ngong kwa matatu ya 111 huipita Kibera upande wake wa kushoto karibu na Adams Arcade, kisha hufika Dagoretti Corner, ambako barabara ya Naivasha hukata kuelekea Kawangware. Kutoka hapo hadi Ngong ni pungufu ya nusu marathoni. Mkimbizi kutoka Kakuma, mamia ya kilomita kaskazini, aliweza kufikishwa kwenye kimbilio hilo. Haieleweki kwa nini binti aliyezaliwa kando ya barabara hiyo hiyo aendelee kuonekana kuwa yuko mbali mno.

Linalohitajika halivuki uwezo wa Kaunti ya Nairobi. Kila kiwanja kilichosalia Kibera na Kawangware kipimwe, kisajiliwe na kilindwe dhidi ya wanyakuzi. Shule zisizo na nyasi ziruhusiwe kutumia viwanja vya shule jirani kwa ratiba inayoeleweka. Pawe na walimu wa kike wa kuandamana na wasichana alfajiri, na walipwe. Vyama vya riadha navyo viufikishe uteuzi wa zoni hadi kwa watoto wa shule zisizo rasmi. Na wana-Kiswahili nao wana mzigo wao: kuandika wasifu wa wanariadha wa kike kwa lugha ya watoto, na kuwafundisha wanafunzi kwamba msichana anayetoka mbio si lazima awe anatoroka.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, walisema wahenga, nao walisema kweli. Lakini msichana wa Olympic hakuchagua kukimbilia sakafuni. Alipewa sakafu, akanyimwa uwanja, kisha akalaumiwa kwa kufika ukingoni.