Msiusingizie Mwinuko

Mwandishi aliyedai kwamba bodaboda za Embulbul hazivuti kwa sababu ya mwinuko amemkamata asiye mwizi. Ni kweli, kwenye zaidi ya mita 1,800 hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, na injini hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Lakini Embulbul haikuinuliwa wiki jana! Pikipiki iliyopanda Ngong na abiria mwezi uliopita bila kulalamika, leo ikikwama, ina ugonjwa wake.

Ushauri wake wa kufungua kabureta kwanza ni wa kumpa fundi kazi. Tumia masikio. Ukivuta mafuta, injini ikapiga kelele na mwendo usiongezeke, klachi inateleza: waya umekazwa mno, sahani zimelika, au umemwaga oili ya gari ndani. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea kwenye oili ya injini, ndiyo maana chupa ifaayo huandikwa JASO MA. (Oili ya bei rahisi nimeijutia mwenyewe.)

Injini ikinguruma kizito bila kupanda, inua gurudumu la nyuma, weka gia huru, ulizungushe kwa mkono. Likigoma, breki inashika au cheni imekaza. Likizunguka vizuri, fungua chujio la hewa. Vumbi letu hulijaza upesi. Kisha chomoa plagi: nyeusi yenye masizi, petroli imezidi hewa, nyeupe, petroli haitoshi.

Hapo ndipo kabureta iguswe.