Mkubwa wa OIM aliyepita kwetu Kongo

Magari meupe ya mashirika yakipita, binti zetu huyatazama sana. Wengi wanatamani kazi ile. Basi wiki hii tuwaonyeshe njia ya mtu mmoja aliyefika juu kabisa, na ambaye Kongo ilimjua: William Lacy Swing.

Mmarekani huyo alizaliwa mwaka 1934. Alisomea mambo ya dini, kisha akaingia kazi ya ubalozi. Alikuwa balozi Liberia, Afrika Kusini, Nigeria na Haiti, na mwaka 1998 akatumwa Kinshasa. Alikuwa angali huko Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu, ile vita ya siku sita. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa kuongoza MONUC, na chini yake MONUC ilisaidia uchaguzi wa 2006. Kuanzia 2008 hadi 2018 aliongoza OIM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Alitoka akiwa na miaka 84, akafariki 2021.

Ni kazi ndefu na ya heshima. Lakini sisi mama tuna kipimo chetu. Katika miaka hiyo ya MONUC, mwaka 2004, ilijulikana kwamba askari na watumishi wengine wa kigeni huko Bunia waliwatumia wasichana kwa kuwapa chakula au pesa kidogo. Uchunguzi ulifanyika, amri kali zikatolewa. Wasichana wale walikuwa wamekwisha kuumia. Mkubwa anaweza kuwa na nia njema, na bado ubaya ukatendeka chini kabisa, pale mkono unapogawa unga.

Kwa nini tunayasema leo? Kwa sababu tangu 2023 ugomvi wa Wambole na Walengola umeleta jamaa nyingi ng'ambo ya mto, Lubunga. Mama aliyekimbia shamba lake hamjui mkurugenzi wa Geneva. Anamjua yule mwenye daftari na kalamu. Jina lake likiachwa, watoto wanalala njaa.

Kwa hiyo tukumbushane: msaada ni bure. Anayeandika majina hana ruhusa ya kudai pesa, wala mwili wa mtu. Akidai, mama asinyamaze. Aje kwetu na mwenzake mmoja, tutamsindikiza kupeleka neno mbele.

Na binti zetu wasome. Kifaransa, Kiingereza, pamoja na Kiswahili na Lingala, ni mali katika kazi hii. Tangu Oktoba 2023 OIM inaongozwa na mwanamke kwa mara ya kwanza, Amy Pope. Mlango umefunguka. Lakini binti atakayeanza kazi leo ataanzia kwenye daftari, Lubunga, na hapo ndipo tutamjua ni mtu wa namna gani.