Elimu ya Miamba Irudi Newala

Hospitali ya Mkomaindo iko Masasi, mji uliozungukwa na vilima vya mawe matupu. Wakati fulani nilikaa hapo siku kadhaa nikimwuguza ndugu yangu, na chini ya mti ambapo tulikuwa tukingojea saa ya kuwaona wagonjwa nilizoea kuzungumza na mzee mmoja aliyetoka upande wa Newala. Mzee huyo hakuwa amesoma sana, lakini alikuwa na swali ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili kuulizwa katika ukumbi wa chuo kikuu. Alinieleza kwamba kwao mvua hunyesha ya kutosha, mihogo hukua na mikorosho hustawi, lakini mvua ikikatika leo, kesho huoni dimbwi wala kijito. Maji huyapata bondeni tu, baada ya kuuteremka mteremko mkali na kuupanda tena wakiwa na mzigo kichwani. Basi akataka kujua mvua ya kwao huenda wapi.

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Baadaye nililitafuta, nikaliona, na jambo lililonisikitisha si ugumu wake. Lilinisikitisha kwa sababu lilikwisha kujulikana zamani, likaandikwa vitabuni na katika ripoti, kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, nalo halijamfikia mwenye swali.

Tuanze na mawe yenyewe, maana hapo ndipo penye siri. Vilima vya Masasi ni miamba kongwe na migumu, iliyopikwa na kugandamizwa ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mjiolojia Mjerumani aitwaye Wilhelm Bornhardt alizunguka nchi hii kati ya mwaka 1895 na 1897, na alipovitazama vilima vya namna hii vikiinuka ghafla kutoka katika tambarare akavifananisha na visiwa baharini. Katika kitabu chake cha mwaka 1900 alivipa jina la Kijerumani lenye maana ya mlima kisiwa, na mpaka leo wanafunzi wa jiografia duniani kote hulitumia jina hilo, ingawa ni wachache mno wanaojua kwamba lilizaliwa kutokana na mawe ya nchi yetu.

Lakini mtu akiondoka Masasi akashika njia ya Newala, akaupanda Uwanda wa Juu wa Makonde, anaingia katika nchi nyingine kabisa. Vile vilima vya mawe huviacha nyuma, na chini ya nyayo zake sasa ni mchanga na udongo mwekundu. Hii ni miamba ya mashapo, yaani miamba iliyofanyika kwa mchanga, tope na makombe yaliyochukuliwa na mito au kutuliwa na bahari, tabaka juu ya tabaka, kwa mamilioni ya miaka. Bornhardt huyo huyo ndiye aliyeyapa matabaka hayo jina la Makonde, na wataalamu waliokuja baadaye wameeleza kwamba umri wake ni zaidi ya miaka milioni 100.

Hapo ndipo jibu la mzee lilipo. Mvua inayonyesha juu ya Newala haina mahali pa kutuama. Mchanga huimeza mara moja, nayo hushuka na kushuka ndani ya matabaka hayo mazito mpaka inapokutana na tabaka lisilopitisha maji kwa urahisi. Hapo hutambaa kwa upande na kutokeza chini ya mteremko, kama chemchemi, katika mabonde kama la Kitangari. Kwa hiyo mvua ya Newala haipotei. Iko chini ya nyumba za watu wa Newala wenyewe, ila iko mbali mno kwa kamba na ndoo. Na niseme kwa haki kwamba mchanga huu huu unaowanyima maji ndio unaowapa korosho, kwa sababu mkorosho hupenda ardhi isiyotuamisha maji, nao huteremsha mizizi yake chini sana. Ardhi hiyo hiyo hujaza magunia na kuacha mitungi mitupu.

Taabu hii si ya jana. Mwaka 1906 mtaalamu wa mila kutoka Ujerumani, Karl Weule, alikaa Newala na kuandika juu ya shida ya kuteka maji mabondeni. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha shirika la kupandisha maji kwa pampu na kuwauzia wakazi wa uwanda huo. Baada ya Uhuru mwananchi hakutakiwa tena kununua maji kama anunuavyo mafuta ya taa, lakini mashine, mabomba na mafuta yake havikujua siasa, vilichakaa na kudai gharama kama kawaida. Mwaka 1977 ukatolewa Mpango Mkuu wa Maji wa Mtwara na Lindi, uliotayarishwa kwa msaada wa Finland. Maji ya Mitema, katika bonde la Kitangari, yamekuwa yakisukumwa kupanda mlima tangu miaka mingi, na kila pampu ilipokwama, akina mama na mabinti walirudi katika njia ile ile aliyoiona Weule.

Sasa, ndugu msomaji, huenda ukauliza profesa wa chuo kikuu anahusikaje na ndoo ya maji. Anahusika sana. Ili nieleze namna gani, itanibidi nivuke mpaka na kuingia mkoa wa jirani wa Lindi, katika kilima cha Tendaguru.

Habari za Tendaguru zinajulikana kwa kiasi fulani. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Sattler, aliona mifupa mikubwa imetokeza ardhini. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu kutoka Berlin wakachimba hapo, wakiwa na mamia ya vibarua wa nchi hii, na msimamizi hodari kati yao alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria zilibebwa kwa vichwa na mabega mpaka Lindi na kupakiwa melini. Mmoja wa wanyama hao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin tangu mwaka 1937. Juu ya mifupa hiyo na haki yetu kwayo mengi yamesemwa, na mimi sina haja ya kuyarudia. Ninataka kusema juu ya kitu ambacho hakikupakiwa melini kwa sababu hakibebeki, nacho ni matabaka ya mawe yaliyoifunika mifupa hiyo.

Idara ya Jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1974, ili taifa hili liwe na watu wake wa kuisoma ardhi yake. Mmoja wa wanajiolojia wake, Ndugu Saidi Kapilima, aliichagua miamba ya mashapo ya pwani. Mwaka 1984 alichapisha Ujerumani Magharibi utafiti wake juu ya matabaka na visukuku vya nchi iliyo nyuma ya Dar es Salaam na Bagamoyo. Mtu asidhani kwamba kazi ya namna hii ni ya kukaa mezani. Mtafiti hufuata makorongo, kingo za mito na machimbo ya mawe, mahali popote ardhi ilipojifunua, akapima unene wa kila tabaka, akatazama ukubwa wa chembe za mchanga na namna zilivyolala, akaokota makombe ya wanyama wa bahari waliokwisha toweka ili ajue tabaka hili ni la zama zipi na lile ni la zama zipi. Tabaka moja lililoonekana katika korongo hili hulitafuta tena katika korongo lililo mbali, akaliunganisha, na hivyo kidogo kidogo akaichora nchi ya chini ambayo hakuna jicho lililoiona.

Mwaka 2000 Ndugu Kapilima alikuwamo katika msafara wa Wajerumani na Watanzania uliorudi Tendaguru, pamoja na Ndugu Emma Msaky wa Shirika la Maendeleo ya Petroli, ambaye utaalamu wake ni kusoma chavua za mimea ya kale zilizohifadhiwa katika mawe. Safari hiyo lengo halikuwa kubeba mifupa mikubwa. Walitaka kujua ilikuwa nchi ya namna gani. Walichothibitisha ni kwamba Tendaguru kuna matabaka matatu yenye dinosaria, na kati yake yameingia matabaka ya mchanga wa bahari yenye makombe. Yaani bahari ilisogea ikafunika ufuko, ikarudi nyuma ikaacha vidimbwi vya maji ya chumvi na tambarare za tope ambako wanyama walitembea, kisha ikasogea tena. Na juu ya hayo yote, katika sehemu hizo hizo za Lindi, wanajiolojia wanayakuta matabaka ya Makonde, yale yale ya Newala.

Kuna wasemao kwamba utafiti wa mambo ya miaka milioni 150 iliyopita ni anasa ya mataifa yaliyoshiba, na kwamba nchi yenye watu wasio na maji haina fedha za kutazama chavua. Hoja hii nimeisikia hata kwa watu wenye nyadhifa. Ina sura ya uzalendo, lakini haina macho. Ujuzi wa kutambua kwamba tabaka hili la mchanga limekaa juu ya lile la udongo, na kwamba linainama kuelekea upande fulani, ni ujuzi ule ule, uwe unatafuta mifupa, gesi au maji. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ile ya Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982, na yote imo ndani ya miamba ya mashapo. Mwaka 1991 Ndugu Evelyne Mbede, naye wa chuo hicho hicho, alitoa katika jarida la jiolojia ya Afrika tathmini mpya ya mabonde ya mashapo ya Tanzania. Ndugu Joyce Singano alikuwa miongoni mwa watafiti waliotumia vijigamba vidogo mno vya viumbe wa bahari, kutoka katika udongo wa pwani yetu ya kusini, kukadiria joto la bahari ya kale, na kazi hiyo ikatoka mwaka 2001 katika jarida la Nature. Kampuni za mafuta huzisoma kazi kama hizi kwa makini. Hazisemi kwamba ni anasa.

Basi lawama yangu haiwaendei wanajiolojia hawa, waliofanya kazi yao na kuitangaza kwa lugha ambayo sayansi yao huzungumza. Lawama yangu ni kwetu sisi tunaopokea. Mtoto wa Newala hufundishwa darasani kwamba kuna aina tatu za miamba, akazikariri kwa mtihani, bila kuambiwa kwamba amekalia aina mojawapo na kwamba ndiyo inayommeza mama yake kila alfajiri. Wakati wa kuchimba kisima kwa mashine, mchanga na udongo unaotoka humwagwa kando, watoto wakauchezea, mvua ikauchukua. Kisima kikikosa maji watu husema bahati mbaya, mitambo ikaondoka, na miaka michache baadaye wengine huja kuchimba karibu na pale pale kwa sababu hakuna kijijini aliyebaki na karatasi ya kuwaonyesha kilichopatikana katika mita ya 20, ya 50 na ya 100. Niliwahi kufika katika kijiji kimoja cha uwanda huo ambako wazee walinionyesha mashimo mawili ya namna hiyo. Walikumbuka vizuri rangi ya udongo uliotoka. Hapana aliyewahi kuwauliza.

Sisemi kwamba karatasi itateka maji. Kuyapandisha maji kutoka Mitema mpaka vilele vya Makonde kunahitaji pampu, umeme na mabomba, na kunahitaji fedha kila mwezi, si siku ya ufunguzi peke yake. Mjiolojia hawezi kuibadili njia ya mvua. Lakini anaweza kusema ni wapi kuchimba ni kutupa fedha na wapi ni afadhali kujenga birika la kuvuna maji ya paa, jambo ambalo wananchi wengi wa Newala wamekwisha kulianza kwa akili yao wenyewe, bila kungoja mtaalamu.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache. Chuo Kikuu kitoe muhtasari wa Kiswahili wa kila utafiti wa miamba uliofanyika Lindi na Mtwara, na nakala zake zifike katika shule za sekondari za Masasi, Newala na Tandahimba. Wanafunzi wa jiolojia wanapopelekwa kujifunza nje ya darasa waletwe pia katika mteremko huo wa Makonde, na kabla ya kuondoka wasimame mbele ya mkutano wa kijiji waeleze walichokiona. Na ofisi ya kila kijiji ipewe daftari la visima, ambamo mchimbaji, awe wa serikali au wa kampuni, ataandika kwa Kiswahili aina ya udongo na kina chake kabla hajalipwa, na sampuli ziwekwe katika mifuko na kupelekwa kwa wanaojua kuzisoma.

Yule mzee tuliagana Mkomaindo siku mgonjwa wake aliporuhusiwa. Alikuwa amenunua ndoo mbili mpya sokoni Masasi, akazifunga vizuri juu ya gari la Newala.