Kila Idara na Rangi Yake

Mjukuu wangu alikuja Tukuyu na kompyuta yake, akanifungulia tovuti ya chuo kimoja cha ualimu. Ukurasa wa Hisabati una vichwa vyekundu, wa Sayansi vya kijani, na ule wa Kiswahili, aibu yetu, una herufi za kupindapinda kama kadi ya harusi. Fomu ya kujiunga tuliitafuta hadi chai ikapoa.

Wapo wasemao kuwa mpangilio mmoja huua ubunifu. Upuuzi mtupu! Andalio la somo lilikuwa na muundo mmoja, lakini hapa Rungwe sijapata kuona walimu wawili waliofundisha sawasawa. Hata mafundi wa Twitter walichoka kila mmoja kujenga kivyake. Mark Otto na Jacob Thornton wakaunda Bootstrap, mfumo wa CSS, yaani kanuni za sura ya kurasa, wakautoa bure mwaka 2011. Rangi, herufi na nafasi huamuliwa mara moja. Mhariri hubaki na kazi yake ya kuandika.

Je, Kamati ya Lugha ilipoanza kusanifisha tahajia ya Kiswahili mwaka 1930, Shaaban Robert alikosa la kutunga? Wahariri wale wapewe mfumo mmoja, na hizo rangi wanyang'anywe.