BARAZANI KWA MWALIMU: Mficha Maradhi, Kifo Humuumbua



Wasomaji watukufu, mwezi uliopita nilikuahidini kwamba tutaendelea na mazungumzo yetu juu ya kuwafundisha watoto kusoma na kuandika Kiswahili majumbani. Naomba radhi kwa kuiahirisha ahadi hiyo. Jambo nililo nalo leo ni katika yale tusiyopenda kuyataja mbele za watu, na kwa sababu hiyo hasa nimeona nilitaje. Nanyi kina mama, msiupindue ukurasa huu mkadhani kuwa hauwahusu. Pengine nyinyi ndio mtakaoufanyia kazi kabla ya waume zenu.

Miaka michache iliyopita tulimzika sahibu yangu mmoja, mtu wa ibada na maskhara, ambaye mahali pake katika safu ya mwanzo msikitini hatujazoea mpaka leo kumwona mtu mwingine. Alikuwa akilalamika kiuno. Kila alipoulizwa, alisema kwamba ni baridi ya nchi hii, nasi tukamsadiki, kwani ni nani miongoni mwetu asiyeisingizia baridi ya Uingereza kila kinachomuuma? Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, kwa hivyo alipokwenda kwa daktari alifuatana na mjukuu wake, binti wa miaka 13, ili amfasirie. Baadaye, alipokuwa amelazwa, aliniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nilikuwa naona damu katika mkojo. Ningemwambiaje mtoto yule?" Basi mtoto alifasiri kiuno, na daktari akatibu kiuno. Ilipokuja kugundulikana kuwa ni saratani ya tezi dume, ilikuwa imekwisha kuingia mifupani. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tezi dume ni kiungo kidogo alichoumbiwa mwanamume, chenye ukubwa wa kungu, kilichokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija unaotoa mkojo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayochukua mbegu za uzazi. Nimekichora kiungo hiki ubaoni kwa chaki kwa zaidi ya miaka 30, nikiwasomesha watoto wa watu biolojia, na katika muda wote huo sikuwahi kujiuliza hata siku moja changu kina hali gani.

Mwanamume anapokuwa mtu mzima, tezi hii huongezeka ukubwa na kuubana mrija. Ndipo anapoanza kuamka usiku mara kwa mara, na mkojo kutoka kwa unyonge. Aghalabu hiyo si saratani, ingawa ni vyema kumwona daktari. Saratani yenyewe mara nyingi huanza upande wa nje wa tezi, mbali na mrija, na kwa hivyo haimsumbui mtu wala haimuumi. Anayengojea dalili ndipo aende kupimwa, anamngojea mlangoni mgeni ambaye amekwisha kupita uani.

Na mgeni huyu si wa nadra. Saratani ya tezi dume ndiyo saratani inayowapata wanaume wengi kuliko nyingine zote hapa Uingereza, na kila mwaka huwaua wanaume wapatao 12,000. Katika jumla ya wanaume wote wa nchi hii, mmoja katika 8 huipata katika umri wake. Kwa wanaume weusi ni mmoja katika 4. Mtu ambaye baba yake au ndugu yake wa kiume aliipata, hatari yake ni zaidi ya maradufu. Umri nao huiongeza hatari, hasa baada ya miaka 50. Hapa sina budi kusema jambo moja juu yetu sisi watu wa pwani. Damu zetu zimechanganyika, na tunapojaza fomu za kliniki, mmoja hutia alama penye Mwarabu, wa pili penye Mwafrika, na wa tatu, ijapokuwa ni ndugu wa tumbo moja na hao wawili, penye "mengineyo". Kila mtu na ajiite apendavyo, lakini mbele ya daktari na aitaje asili yake yote, ya kuumeni na ya kukeni.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, nacho hujulikana kwa herufi tatu, PSA. Hicho ni kiasi cha protini fulani inayotengenezwa na tezi dume, ambayo kidogo yake huvujia katika damu. Tezi ikiwa na hitilafu, kiasi hicho aghalabu hupanda. Kwa mtu mwenye dalili wa miaka 50 hadi 59, madaktari wa hapa huanza kutia shaka kinapopindukia 3.5; kwa wa miaka 60 hadi 69, kinapopindukia 4.5. Kabla ya kupimwa, mtu hutakiwa ajiepushe na unyumba kwa saa 48, na vilevile mazoezi mazito, hasa kupanda baiskeli. Aliyekuwa na maambukizo katika njia ya mkojo hungojea wiki 6. Mambo haya yote huweza kukipandisha kipimo bila ya kuwapo saratani.

Nisingependa kukuuzieni mbuzi ndani ya gunia. Kipimo hiki kina kasoro zake. Katika kila wanaume 4 ambao PSA yao imepanda, 3 hawana saratani. Na mmoja katika 7 ambao PSA yao ni ya kawaida huenda anayo. Tena, saratani nyingine za tezi dume hukua polepole mno hata mtu akafa kwa uzee wake bila ya kudhuriwa nayo, ilhali kumpasua au kumpiga miale kwaweza kumwachia kuvuja mkojo na udhaifu wa nguvu za kiume. Ndiyo maana serikali haina mpango wa kuwaita wanaume wote kama inavyowaita wanawake kupimwa matiti. Mwezi wa Novemba 2025, kamati ya taifa inayoishauri serikali juu ya vipimo ilitoa rasimu iliyosema kwamba kuwapima wanaume wote kungeleta madhara zaidi ya manufaa, na kwamba kwa wanaume weusi ushahidi bado hautoshi. Someni maneno hayo kwa makini. Kusema kwamba ushahidi hautoshi si kusema kwamba hatari haipo. Maana yake kwetu ni kuwa hakuna barua itakayotupigia hodi. Mwenye haja ndiye atakayekwenda mwenyewe.

Na haki ya kwenda anayo. Mwanamume yeyote aliyetimiza miaka 50 anaweza kumwomba daktari wake wa mtaa kipimo hiki, bila ya malipo, baada ya kuelezwa uzuri wake na ubaya wake. Taasisi ya hisani ya Prostate Cancer UK huwashauri wanaume weusi, na wale wenye maradhi haya katika familia, walianze mazungumzo hayo na daktari tangu miaka 45.

Sasa nifike kwangu. Baada ya maziko yale nilikaa mwaka mzima nikisema kesho, kesho. Nilipopiga simu kliniki hatimaye, karani wa mapokezi alinijibu kwamba kipimo hicho ni cha wenye dalili. Nilimwambia kwa adabu kwamba nina miaka 66, kwamba ninaifahamu haki yangu, na kwamba nataka kusema na daktari. Nilipewa miadi. Daktari akaniuliza: "Yuko yeyote katika familia yako aliyepatwa na maradhi haya?" Nikajibu hapana, tena kwa haraka.

Usiku ule sikupata usingizi. Nikakumbuka kwamba marehemu baba yangu, katika mwaka wake wa mwisho, alikuwa haonani na wageni, na kwamba sisi watoto tulikuwa tukiambiwa "ana maradhi ya watu wazima". Asubuhi nikampigia simu dada yangu mkubwa, Unguja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba alifungwa mkojo, na mifupa ikimuuma mpaka akilia. Mama alitukataza tusiseme." Hatukujua ilikuwa nini, na hatutajua kamwe. Lakini jawabu niliyompa daktari haikuwa ya kweli, na sikuwa na njia ya kulijua hilo, kwa sababu waliotupenda walitusitiri kwa kutuficha.

PSA yangu ilikuwa 5.8. Nikapelekwa hospitali nikapigwa picha kwa mashine ya MRI, ambayo haiumi ila ina kelele za kiwanda, kisha nikachukuliwa vipande vidogo vya nyama ya tezi kwa sindano. Siku hizi picha hutangulia kabla ya sindano, na wengi huambiwa hapo hapo kwamba sindano haihitajiki. Kwangu ilihitajika. Imeonekana saratani, ndogo, ya daraja la chini, nayo haijatoka nje ya tezi. Sikupasuliwa wala sikupigwa miale. Ninapimwa damu kila baada ya miezi 3 na kuangaliwa kwa makini, ikibadilika, nitatibiwa. Jambo hili halikutoka hewani: utafiti wa hapa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023, uliowafuatilia kwa miaka 15 wanaume 1,643 waliogunduliwa mapema, ulionesha kwamba wapatao 97 katika kila 100 hawakufa kwa maradhi hayo, wawe walipasuliwa, walipigwa miale au waliangaliwa tu.

Nililolichelea zaidi ni kuwaambia wanangu. Nilimwambia mke wangu kwanza, akaniuliza swali moja tu: "Na vijana utawaambia lini?" Siku ya Jumapili niliwakalisha wote watatu. Mkubwa wao, mwenye miaka 41, akaniuliza: "Baba, kumbe sisi nasi tumo?" Nikamjibu: "Ndiyo, mwanangu, nanyi mumo, na mimi sitakufanyieni kama nilivyofanyiwa." Maneno hayo yalinipa uzito kuliko sindano.

Wako watakaosema kwamba haya ni kukimbia kadari. Dini yetu haikutufunza hivyo. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza tutafute dawa, na amemfunza mtu amfunge ngamia wake kwanza ndipo atawakali. Wako watakaosema kwamba ni aibu. Kipimo ni cha damu mkononi. Na ikibidi kuangaliwa mwili, mgonjwa aweza kuomba daktari wa kiume, na haja ya matibabu inajulikana hukumu yake. Wala mwenye kuvuja mkojo baada ya tiba asidhani kwamba sala imemtupa mkono. Mwenye udhuru huo anayo ruhusa yake katika sharia, na amwendee sheikh amweleze namna ya kutia udhu.

Basi nawaomba mambo matatu. La kwanza, aliyefikia umri ule na amwone daktari mwezi huu. La pili, asiyejua Kiingereza aombe mkalimani pale anapoweka miadi. Hospitali na kliniki za serikali humtoa bila ya malipo. Msiwabebeshe wajukuu mzigo huu. La tatu, nanyi kina mama nisaidieni: kila nyumba na iulizane, kwa simu ikibidi, mababu na maami na wajomba walikufa kwa nini hasa, na majibu yaandikwe. Nami Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala ya Isha, nitakaa pale pale tunapokaa siku zote, na atakayetaka kuniuliza lolote, hadharani au pembeni, nitamjibu.

Mwezi ujao, inshaallah, tutarejea kwa watoto wetu na Kiswahili chao.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wenu