Moto kichaa Katavi: lawama za Septemba, bajeti ya Machi

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

Katika Mkoa wa Katavi mvua hukoma kati ya Aprili na Mei, na ifikapo Septemba nyasi za misitu ya miombo huwa zimekauka kiasi kwamba moto mdogo wa kusafisha shamba, ukisukumwa na upepo wa mchana, unaweza kuvuka mipaka ya vijiji kadhaa kabla ya jua kuzama. Hali hiyo si ngeni kwa mkazi yeyote wa Mpanda, Inyonga au Mwese. Hata hivyo, kila moto mkubwa unapotokea, mjadala huanza kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mwananchi huuliza Serikali ilikuwa wapi, na kiongozi huuliza ni nani aliyewasha. Maswali hayo huendelea hadi Novemba, mvua hunyesha, nyasi huota, na suala hilo husahaulika hadi kiangazi kingine.

Ukubwa wa tatizo unafahamika. Tathmini iliyofanywa kwa ushirikiano wa Wizara ya Maliasili na Utalii na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), kwa kutumia picha za satelaiti za mwaka 2000 hadi 2011, ilikadiria kuwa takriban hekta milioni 11 za ardhi ya Tanzania huungua kila mwaka. Mikoa ya magharibi, ambako miombo imetanda kutoka Tabora hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, ni miongoni mwa maeneo yanayoungua mara kwa mara zaidi. Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana na uliokuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa, umo katikati ya ukanda huo.

Mkoa huo pia umebadilika kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604; ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Idadi ya wakazi imezidi mara mbili katika miaka 10, na wengi wao wanategemea kilimo, mifugo, asali na mkaa, shughuli ambazo zote kwa namna moja au nyingine hutumia moto. Mkulima huchoma mabaki ya shamba. Mfugaji huchoma nyasi kavu ili malisho mapya yachipue. Mrina asali anayetumia njia ya asili hubeba kienge cha moto hadi juu ya mti. Mwindaji haramu huwasha moto ili kuwatoa wanyama vichakani. Kwa sababu hiyo, kumtaja mfugaji peke yake, kama inavyosikika mara nyingi katika mikutano ya hadhara, ni njia rahisi ya kumaliza mazungumzo bila kugusa kiini cha tatizo. Tena ina hatari ya kugeuza suala la uhifadhi kuwa ugomvi kati ya wenyeji na wahamiaji.

Upande wa pili wa lawama, ule unaoelekezwa kwa Serikali, nao unahitaji kuchambuliwa, kwa kuwa neno Serikali katika suala la moto wa Katavi lina maana ya taasisi nyingi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye kilomita za mraba 4,471, ipo chini ya TANAPA. Mapori ya akiba ya Rukwa na Lukwati yapo chini ya TAWA. Misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ilhali halmashauri zina misitu yao na vijiji vina ya kwao. Moto unaoanzia katika shamba la kijiji unaweza kuingia katika msitu wa halmashauri jioni, ukafika katika msitu wa TFS usiku, na kuamkia hifadhini. Kila taasisi itakuwa na taarifa sahihi ya sehemu yake, na hakuna hata moja itakayokuwa na taarifa ya moto wote.

Sheria haikuacha pengo kubwa katika jambo hili. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu mahsusi inayodhibiti uchomaji wa uoto na kuweka utaratibu wa vibali. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya Taifa hadi kijiji, huku uratibu wa jumla ukiwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya mwaka 2007 na namba ya dharura 114. Kwa maandishi, basi, anayewajibika anajulikana. Kinachopungua ni kazi kufanyika kwa wakati unaofaa, na hapo ndipo suala la Katavi linapokuwa gumu kuliko linavyoonekana katika hotuba.

Wataalamu wa misitu wamejua kwa muda mrefu kwamba katika miombo wakati moto unapowaka una uzito kuliko moto wenyewe. Mwaka 1933, karibu na Ndola katika nchi ambayo sasa ni Zambia, vitalu vya miombo vilitengwa kwa majaribio. Vingine vilichomwa kila mwaka mapema katika kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu. Vingine vilichomwa mwishoni mwa kiangazi. Vingine vilikingwa visiungue kabisa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1959 yalionesha kuwa vitalu vilivyochomwa mapema vilibaki kuwa msitu, wakati vile vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti mikubwa na kuelekea kuwa uwanda wa nyasi na machipukizi. Vilivyokingwa ndivyo vilivyosongamana zaidi, lakini kukinga kitalu cha utafiti ni jambo moja na kukinga mkoa wenye zaidi ya kilomita za mraba 45,000 ni jambo jingine.

Sababu yake inaeleweka hata bila maabara. Mwezi Mei au Juni moto hutembea polepole, huacha mabaka yasiyoungua, na mara nyingi huzimika wenyewe umande unapoanguka. Mwezi Septemba au Oktoba moto huohuo hupanda hadi kwenye matawi, wakati ambapo miti kama mtundu imeanza kutoa majani mapya na maua, yale maua ambayo nyuki wa Mlele wanayahitaji. Mzinga usioungua nao hauna faida ikiwa msitu unaouzunguka hauna chakula cha nyuki. Ndiyo maana uchomaji wa mapema unaodhibitiwa, pamoja na barabara za kuzuia moto, ni sehemu ya kawaida ya kazi katika hifadhi nyingi. Ni kazi inayoonekana kama uharibifu kwa asiyeifahamu, na mtumishi anayeifanya ana uwezekano wa kulaumiwa zaidi ya yule asiyeifanya.

Kuna ugumu mwingine ambao hutajwa kwa nadra. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Dirisha la uchomaji wa mapema katika Katavi ni Mei na Juni, likisogea mwanzoni mwa Julai katika miaka ambayo mvua zimechelewa kukoma. Maana yake ni kwamba kazi muhimu kuliko zote za kujikinga na moto huangukia wiki za mwisho za mwaka wa fedha, wakati mafungu mengi yamekwisha kutumika, au siku za kwanza za mwaka mpya, kabla fedha hazijaanza kutoka. Halmashauri isiyolinda fedha za moto tangu mwanzo wa mwaka itafika Mei bila mafuta ya magari na bila posho ya vikosi vya vijiji. Itafika Septemba ikiwa na fedha, lakini wakati huo fedha zinaweza kununua kuzima tu, na kuzima katika mazingira ya Katavi kuna mipaka. Kutoka Mpanda hadi Inyonga au hadi Karema ni zaidi ya kilomita 100. Gari la zimamoto limeundwa kwa ajili ya nyumba na masoko. Halipandi milima ya Ntakata.

Tanzania imeshuhudia jinsi mjadala unavyoweza kuelemea upande huo wa kuzima. Moto wa Mlima Kilimanjaro ulioanza Oktoba 11, 2020 katika eneo la Whona uliunguza takriban kilomita za mraba 95, na mamia ya askari wa hifadhi, wanafunzi, wananchi na wadau wa utalii walishiriki kuukabili kwa matawi na zana za mkono. Ilikuwa siku 17 kabla ya Uchaguzi Mkuu. Mjadala katika mitandao ya kijamii ulijikita katika ndege za kumwaga maji na kwa nini nchi haikuwa nazo, swali halali kwa mlima wenye urefu ule. Swali la jinsi moto unavyotumiwa na watu walioko mlimani halikupewa nafasi kubwa hivyo, ingawa taarifa za awali za mamlaka zilihusisha chanzo na upashaji wa chakula. Oktoba 2022 mlima huo uliungua tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga.

Mataifa yenye ndege hayakuepuka lawama. Januari 2025, Los Angeles ilipoteza zaidi ya majengo 16,000 kwa moto. Siku ulipoanza, Meya Karen Bass alikuwa Ghana kuhudhuria kuapishwa kwa Rais. Bwawa la maji la Santa Ynez lilikuwa tupu kwa ajili ya matengenezo. Na mwezi uliofuata Mkuu wa Zimamoto wa jiji aliondolewa. Ureno ni mfano wenye manufaa zaidi kwa Katavi. Mwaka 2017, baada ya moto wa Pedrógão Grande kuua watu 66 mwezi Juni na mingine kuua makumi ya watu mwezi Oktoba, waziri aliyehusika alijiuzulu. Nchi hiyo haikuishia hapo, bali iliunda wakala wa kuunganisha taasisi zote zinazohusika na moto wa mashambani na misitu, na kuongeza uzito wa fedha za kuzuia zikilinganishwa na za kuzima.

Katika Wilaya ya Tanganyika hoja hii ina thamani ya fedha inayohesabika. Vijiji vinane, vikiwemo Katuma, Mwese, Lwega, Kapanga na Lugonesi, vimehifadhi zaidi ya hekta 200,000 za misitu ya milima ya Ntakata, makazi ya sokwemtu, na hupata mapato ya biashara ya hewa ukaa. Mapato hayo yamejenga madarasa na huduma za afya, na hulipa walinzi wa misitu wa vijiji. Miti inapopotea, kaboni inayouzwa hupungua, na mwanakijiji huona upungufu huo katika taarifa ya mapato na matumizi. Huko, anayechoma ovyo hahesabiwi kuwa amemkosea afisa misitu wa wilaya pekee, kwani amegusa zahanati ya wenzake. Si kila kijiji cha Katavi kina msitu wa kuuza kaboni, na itakuwa makosa kudhani kuwa mpango huo unaweza kunakiliwa Nsimbo au Mpimbwe kama ulivyo. Lakini unaonesha kuwa ulinzi wa moto huimarika pale mtu anayeulinda msitu anapolipwa kabla ya moto kuwaka.

Eneo lililo dhaifu zaidi ni kibali cha kuchoma. Mkulima anayehitaji kusafisha ekari mbili, na ambaye kibali kinamtaka asafiri hadi makao makuu ya wilaya, atachagua kuchoma usiku bila kumwambia jirani. Moto wa aina hiyo hauna msimamizi. Kibali kinachotolewa karibu naye, chenye tarehe ya mwisho, idadi ya watu wanaopaswa kuwepo na ukubwa wa kinga ya kulimwa kuzunguka shamba, kina nafasi kubwa zaidi ya kutii sheria kuliko katazo la jumla linalotangazwa kwa kipaza sauti mwezi Agosti. Vilevile taarifa za vyanzo vya moto zinazotokana na satelaiti za NASA hupatikana bila malipo ndani ya saa chache. Simu ya kawaida ya afisa wa halmashauri inatosha kuzipokea na kumpigia Mtendaji wa Kijiji husika.

Kwa mwananchi anayefuatilia, mahali pa kuuliza maswali haya papo, ila si katika msimu wa moshi. Makadirio ya bajeti za halmashauri hujadiliwa na madiwani katika miezi ya mwanzo ya mwaka, kabla ya Bunge la Bajeti kuanza Aprili. Fungu la uchomaji wa mapema, mafuta na vifaa vya vikosi vya vijiji huwekwa hapo au halipo. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa mujibu wa taratibu unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, ndiyo sehemu ya kupitisha sheria ndogo za moto na kukubaliana ni siku gani, upande gani wa kijiji utachomwa, na nani atasimama na matawi mabichi mpakani. Kwa Katavi, mkutano wenye nafasi ya kufanya hivyo ni ule unaofanyika mvua zikiwa bado hazijaisha.