Nyumba ya Urathi Yapigiwa Dalali

Hapana asiyejua kwamba siku hizi, mzee akifariki katika miji yetu ya Mwambao, aghalabu hitima ya arubaini haijasomwa na dalali keshabisha hodi. Warithi hukaa kikao kimoja, nyumba ikauzwa, kila mtu akashika fungu lake akaenda zake. Baada ya miaka michache watoto wa ndugu hao hukutana sokoni wasijuane.

Nasema wazi kwamba hili ni balaa, na wala dini haikuliamrisha.

Ndugu msomaji, zitazame zile nyumba za mawe za Lamu. Baba aliyejaaliwa binti alijenga ubavuni mwa nyumba yake au akapandisha ghorofa juu yake, na pengine akavusha wikio juu ya kichochoro ili nyumba mbili ziwe moja. Bwana harusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Basi mtaa ukawa ni jamaa watupu: mtoto akianguka huinuliwa na khalati, akikosa adabu barazani hukanywa na ami yake, na mjane alikuwa na wa kumjulia hali asubuhi na jioni. UNESCO ilipouingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, watu walisifu milango ya nakshi na zidaka. Mimi nawasifu zaidi waliokaa humo pamoja.

Atasema mtu, "Lakini mafungu yametajwa katika Qur'ani." Kweli yametajwa, wala hakuna wa kuyapunguza. Surat Nnisaa imeweka wazi kwamba mtoto mwanamume hupata fungu la wanawake wawili, na mjane aliyeachiwa watoto hupata thumuni. Lakini kugawanya ni jambo moja na kuuza ni jambo jingine. Warithi wakiridhiana, mmoja aweza kuwalipa wenziwe mafungu yao akaishika nyumba, au wote wakabaki washirika wakagawana kodi. Na mwenye mali, angali hai na mzima, aweza kuiweka wakfu kwa kizazi chake, jambo ambalo sheria iliyotungwa Kenya mwaka 1951 ililikubali. Sura hiyo hiyo, aya ya 8, yataka hata jamaa wasiorithi, mayatima na maskini waliohudhuria mgawanyo wapewe kitu na waambiwe maneno mema. Leo jamaa hao hata kualikwa hawaalikwi!

Sikatai kwamba dhiki ipo. Mrithi mwenye mgonjwa hospitali hawezi kuambiwa akae juu ya mali huku analala njaa. Huyo alipwe kwanza, tena kwa bei ya haki, si ile bei ya kindugu ambayo kaka wakubwa huwapimia dada zao. Na tuseme kweli: mara nyingi anayepiga kelele nyumba isiuzwe ni yule anayeikalia bure, ilhali dada yake amepanga chumba Kisauni.

Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010 imeipa kazi ya kuamua mirathi ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nayo, ingefaa iwe mlango wa mwisho. Wa kwanza ni kikao cha jamaa, na kikao hicho kiitwe mzee angali hai, aseme mwenyewe alitakalo, na mabinti zake wawe wamo wakimsikia.